Daftari Liko Wapi?

Kama hukuwepo siku ya neno hili, soma pole pole, maana ni lako pia.

Wewe wa Koboko, waulize wazee wako walikula chakula cha nani. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, na miaka iliyofuata, watu wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakapokelewa. Leo ndugu wa Congo wako Lobule, wa Sudan Kusini wako Rhino Camp na Bidibidi. Katika ushirika huu hakuna mgeni.

Lakini nikuulize: pampu ya kisima ikiharibika, tunafanya nini? Tunangoja shirika. Shirika likifunga ofisi, tunangoja mwanasiasa, naye anakuja wakati wa kura na sabuni na chumvi.

Kuna njia nyingine: mfuko wa jamii. Mwaka 1914, mwanabenki Frederick Goff aliuanzisha mfuko wa namna hiyo Cleveland, Marekani. Jirani zetu Wakenya wana Kenya Community Development Foundation tangu 1997. Kazi yake si ngumu kuelewa. Watu wa mahali wanachanga, hata kidogo. Sehemu ya fedha haiguswi, inawekezwa, na faida yake inasaidia karo, maji, wagonjwa. Wenye mahali ndio wanaoamua.

Na iko faida nyingine. Mama aliyetoa shilingi 1,000 atauliza imekwenda wapi. Akizoea kuuliza hapo, hataogopa kusimama hata kwenye mkutano wa bajeti wa sabukaunti.

Sasa nitubu mbele yako. Miaka fulani kijijini tulichanga tutengeneze pampu. Mimi nilikuwa mweka hazina. Kwa sababu ni mtumishi wa Mungu, hakuna aliyeniuliza risiti, na mimi sikuandika kitu. Nikamkopesha ndugu mmoja, "wiki moja tu." Wiki ikawa miezi mitano. Mama zetu wakarudi mtoni na majerikeni. Niliuza mbuzi wangu, nikalipa yote. Lakini niliposimama kuhubiri, mama mmoja mzee alinitazama tu, hakusema amina. Moyoni nilisema, mimi si mwizi. Ni kweli, lakini maji hayakutoka.

Soma Matendo 6. Wajane waliposahauliwa, mitume hawakuwaambia waombe tu. Waliita watu wote, wakachaguliwa saba. Soma 2 Wakorintho 8. Paulo hakutaka kubeba mchango peke yake, asije akalaumiwa. Kama Paulo aliogopa, mimi ni nani?

Kwa hiyo ombi langu katika maadhimisho haya: kabla ya kununua spika mpya, tuanze mfuko wetu. Watunzaji wawe watatu, mmoja mwanamke, mmoja mkimbizi, mmoja asiye wa kanisa letu. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa lugha tunazosoma. Na anayesaidiwa asiulizwe dini yake. Mama Mwislamu na mama wa kwaya wanachota pampu moja.

Mimi sitashika pesa. Nitachanga, na nitauliza. Na wewe ukinikuta sokoni Arua au njiani Koboko, usiniogope. Niulize: "Mwinjilisti, daftari liko wapi?" Mungu akubariki.