Kuvuja kwa Mafuta katika Injini Kuukuu za Turbo: Kazi ya Fundi kati ya Kasongo na Kabambare

Injini ya dizeli yenye turbo ikishazeeka huvuja mafuta kwa sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuchoka kwa vizuizi: gasketi imekakamaa, sili imelika, washa ya shaba imekazwa mara nyingi mno. Ya pili ni pumzi. Hewa iliyojazana ndani ya tumbo la injini, ambalo mafundi wa Kongo huliita karteri, huyasukuma mafuta nje kupitia popote palipo dhaifu. Fundi anayetibu ya kwanza ilhali ugonjwa ni wa pili ataweka sili mpya leo, na safari ya kesho itamrudishia gari likiwa limelowa vilevile. Kusini mwa Maniema kosa hilo linauma zaidi, kwa kuwa kipuri hakitoki duka la jirani. Huja na treni ya Lubumbashi hadi Samba, maana reli ya Kongolo na Kindu haikufika Kasongo mjini, au hubebwa kwa pikipiki kutoka Bukavu, au huteremka milima ya Fizi kutoka upande wa Ziwa Tanganyika.

Magari yanayohusika zaidi ni Toyota za miaka ya 1990: Land Cruiser yenye injini ya 1HD-T ya silinda sita, Hilux ya 2L-T, na Prado au Surf ya 1KZ-TE ya lita 3. Land Cruiser nyingi za mashirika zina injini ya 1HZ, ambayo hutoka kiwandani bila turbo. Kwa hizo, sehemu ya mada hii inayohusu turbo inaweza kurukwa.

Turbo ni pangaboi mbili kwenye mhimili mmoja. Moja husukumwa na moshi unaotoka, nyingine hushindilia hewa inayoingia. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao haugusi chuma: huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yaleyale ya injini. Mafuta huingia kwa nguvu ya pampu kupitia bomba jembamba la juu, kisha hurudi karterini kwa bomba pana la chini, kwa uzito wake tu, kama maji ya paa yanavyoteremka kwenye mfereji. Hakuna kinachoyavuta. Jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi ni kwamba ndani ya turbo hamna sili ya mpira kama ile ya krenki. Kuna ringi nyembamba za chuma, na kinachozuia mafuta kupita ni tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili. Bomba la kurudisha likiziba, au pumzi ya karteri ikipanda, mafuta hukosa pa kwenda na kuingia kwenye hewa ya injini au kwenye moshi. Turbo nyingi zimetupwa zikiwa nzima kwa sababu hiyo.

Kabla ya kufungua boliti yoyote, injini huoshwa. Brashi na mazutu (dizeli) kidogo hutosha, kisha hufutwa na kuachwa ikauke kabisa, kwani mazutu yaliyobaki juu ya bomba la moshi yanaweza kuwaka. Sehemu zinazoshukiwa hupakwa pauda ya watoto. Isipopatikana, unga mkavu wa muhogo hufanya kazi hiyohiyo. Gari huendeshwa robo saa, kisha huegeshwa na kukaguliwa kwa tochi. Mafuta huchora mstari mweusi juu ya weupe, na mstari huo hufuatwa kuelekea juu, si chini. Tone linaloning'inia chini ya karteri huenda lilianzia kwenye kifuniko cha valvu, likateremka ubavuni mwa injini na kusukumwa nyuma na upepo wa safari.

Kipimo cha pumzi hakihitaji chombo. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma bila kukanyagwa, kifuniko cha kujazia mafuta hufunguliwa na kulazwa kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, hali ni ya kawaida. Kikirukaruka na kuanguka, karteri imejaa hewa. Kijiti cha kupimia mafuta kinachokutwa kimejiinua kwenye bomba lake baada ya mlima kinatoa ushahidi uleule. Hatua inayofuata ni kuchomoa bomba la pumzi, lile linalotoa hewa karterini kwenda kwenye njia ya hewa ya injini, na kurudia jaribio: kifuniko kikitulia, kosa ni la bomba lililoziba; kikiendelea kuruka, hewa inapenya kwenye ringi za pistoni, na hakuna gasketi itakayoponya hilo.

Ringi hizo huliwa na vumbi kuliko kitu kingine. Kati ya Juni na Agosti barabara ya Kasongo kwenda Kabambare hufuka vumbi jekundu laini kama unga, na mpasuko usioonekana kwenye mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda turbo unatosha kuliingiza. Turbo huvuta kwa nguvu. Mpira uliofungwa kwa waya badala ya klampu hauhimili. Kwa hiyo mtu anayechunguza mafuta yanayovuja chini ya gari hana budi kutazama pia filta iliyo juu.

Injini yenye ringi zilizochoka lakini ambayo bado inavuta mzigo inaweza kupewa nafuu kwa kuliondoa bomba la pumzi kwenye njia ya hewa na kulielekeza kwenye chupa yenye matundu juu, iliyofungwa mahali pa juu. Chupa hukamata mafuta na hewa hutoka. Wapo wanaoacha bomba likining'inia chini ya gari, na kiangazi hupita bila tatizo. Masika yakija, ncha yake huziba kwa tope, au huzama gari linapovuka kijito, na hapo sili zote hupimwa nguvu kwa wakati mmoja.

Baada ya pumzi kuthibitishwa kuwa sawa, ndipo vizuizi vyenyewe hushughulikiwa, kuanzia juu. Gasketi ya kifuniko cha valvu ni ya mpira, na joto huifanya ngumu kama kwato. Hubadilishwa, na kwenye kona zake pekee, kama kitabu cha injini kinavyotaka, hutiwa tone la silikoni. Mpira wa ndani wa tairi hautumiki kamwe kuchonga gasketi: hufura ukiguswa na mafuta, na baada ya wiki hutoka umelegea. Karatasi ya gasketi au koki hufaa zaidi.

Washa za shaba kwenye bomba la kuingiza mafuta ya turbo ni mahali pa uvujaji mdogo wa kudumu, na hapa ufundi wa mkaa una thamani yake. Shaba ikikazwa huwa ngumu na hukataa kubanwa tena. Ikilazwa kwenye jiko la mkaa hadi iwe nyekundu hafifu, kisha ikatoswa majini, hurudi kuwa laini. Ikasuguliwa kwa msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo, hutumika kama mpya. Washa ya alumini isipelekwe motoni hivyo: huyeyuka kwenye nyuzi 660, na jiko zuri la mkaa hufika huko. Silikoni haiwekwi kwenye bomba hilo hata chembe. Kipande kinachomeguka kikiziba tundu jembamba, mhimili hukauka na turbo hufa kwa dakika chache.

Bomba la kurudisha hufunguliwa na kusuguliwa ndani hadi chuma kionekane. Masizi meusi magumu yanayokutwa humo ni mafuta yaliyoungua, mara nyingi kwa sababu injini ilizimwa ghafla baada ya kupanda mlima na mafuta yakabaki yakikaangika ndani ya turbo. Kipande chake cha mpira, kama kipo, kiwe cha kustahimili mafuta. Mpira wa maji ya rejeta hulainika na kujikunja ndani huku kwa nje ukionekana mzima.

Mhimili wa turbo wenyewe hupimwa injini ikiwa baridi. Kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, ilimradi pangaboi haigusi ukuta. Kuingia na kutoka kunakohisiwa kwa kidole ni dalili ya turbo iliyokwisha. Utando wa mafuta ndani ya bomba la hewa usimtishe mtu, ila dimbwi si jambo la kupuuza: mafuta hayo yakifika kwenye silinda, injini huanza kuyachoma yenyewe, hupanda kasi bila kukanyagwa na haisikii ufunguo. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitabu kinene, kamwe si kwa kiganja, au kuweka gia ya juu, kukanyaga breki na kuachia klachi. Kwa sababu hiyo bomba la hewa na kipoza hewa, kama kipo, humwagwa na kuoshwa kila turbo inapotolewa.

Sili ya mbele ya krenki na ya kamshafti zina jirani mbaya, nao ni mkanda wa taiming. Taa ya T-BELT ya Toyota huwaka kwa kuhesabu kilomita 100,000. Haijui kwamba mkanda umeloweshwa mafuta na kulainika. Mkanda uliolowa hubadilishwa pamoja na sili. Sili ya nyuma huachwa mwisho kwa kuwa huhitaji giaboksi ishuke, na kabla ya hapo mafuta yaliyo chini ya klachi hunuswa: ya injini ni meusi na hunuka moshi, ya giaboksi hunuka kiberiti. Krenki ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya hugongwa milimita 2 mbele au nyuma ili mdomo wake ushike chuma kisicholika.

Mafuta hujazwa hadi alama ya juu tu. Desturi ya kuongeza lita moja ili yatoshe safari ya Salamabila huifanya krenki iyachape kuwa povu, na povu halishuki vizuri kwenye bomba la kurudisha. Turbo iliyofunguliwa hutiliwa mafuta kwa mkono kwenye tundu lake la juu, waya wa kukata mazutu kwenye pampu huchomolewa, na starta hupigwa kwa vipindi vifupi hadi taa ya mafuta izime. Ndipo waya hurudishwa na injini kuwashwa, ikaachwa dakika kadhaa bila kukanyagwa. Pauda hupakwa tena, gari hupelekwa kwenye mlima wenye mzigo, na baada ya injini kupoa boliti za kifuniko cha valvu hukazwa mara ya pili.