Nadharia Tete Inayoweza Kushindwa: Mada kwa Wanafunzi wa Saikolojia, Katindiuka, Ifakara



Nimepewa mada ya takwimu za awali na upimaji wa nadharia tete. Najua wengi wenu mlichukua saikolojia mkiamini mmeagana na hesabu kidato cha nne. Poleni. Lakini majedwali ya t na khi-mraba mtayakuta vitabuni, na siku hizi programu za kompyuta zinayakokotoa kabla hujamaliza kuvuta kiti. Mimi nataka tuzungumzie kile ambacho kompyuta haikufanyii: kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuwa "hapana". Na kwa kuwa tuko Katindiuka, hatuna haja ya kuazima mfano Ulaya. Bonde hili la Kilombero limekwisha kuifundisha dunia somo lenyewe.

Chanjo ya Idete

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyotengenezwa Colombia na Manuel Patarroyo. Majaribio ya Amerika Kusini yalileta matumaini makubwa. Swali likawa kama ingefaa mahali ambapo mtoto anaumwa na mbu wenye vimelea karibu mwaka mzima. Swali hilo likaletwa Idete, kijiji cha wilaya hii hii. Watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 walipata dozi zote tatu, wengine za chanjo na wengine za sindano isiyo na chanjo ndani yake, na waligawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la The Lancet: chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31, wigo wa uhakika wa asilimia 95 ukianzia 0 hadi 52, na thamani ya p ikawa 0.046.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu. Nadharia sifuri ya Idete ilisema chanjo haifanyi kazi yoyote, na tofauti yoyote kati ya makundi mawili ni bahati tu ya nani aliangukia wapi. Thamani ya p inajibu swali moja jembamba: kama nadharia sifuri ni kweli, ni mara ngapi tungepata tofauti kubwa kama hii tuliyoiona, au kubwa zaidi? Jibu ni kama mara 46 katika 1,000. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95.4 kuwa chanjo inafanya kazi. Sentensi hiyo ya uongo nimeikuta katika tasnifu nyingi mno, nyingine zikiwa zimesainiwa na wasimamizi wawili.

Sasa tazameni wigo: 0 hadi 52. Yaani data za Idete zilipatana na chanjo inayozuia nusu ya malaria, na zilipatana pia na chanjo isiyozuia karibu chochote. Mpaka tuliouzoea ni 0.05. Ronald Fisher ndiye aliyeueneza kupitia kitabu chake cha mwaka 1925, akiuona ni mpaka unaofaa kwa matumizi, basi. Idete iliuvuka kwa sehemu nne tu kati ya elfu. Mtu mwenye haraka angetangaza ushindi.

Waliofuata hawakuwa na haraka. Gambia, mwaka 1995, watoto wachanga wa miezi 6 hadi 11: asilimia 8, wigo ukitoka hasi 18 hadi 29. Thailand, mwaka 1996: hakuna kinga iliyoonekana. Kisha wakarudi hapa hapa Kilombero, wakawachanja watoto wachanga 1,207 pamoja na chanjo zao za kawaida za kliniki. Matokeo yalitoka mwaka 1999: asilimia 2, wigo hasi 16 hadi 16, p 0.84. SPf66 ikaishia hapo.

Kwa haki lazima niseme kwamba majaribio haya hayakufanana kwa kila kitu. Watoto wa Idete walikuwa wakubwa kuliko wachanga wa jaribio la pili la Kilombero na wa Gambia, na kinga ya mwili haiendi sawa katika umri wote. Lakini angalieni watafiti walifanya nini na ile 0.046. Waliichukua kuwa sababu ya kuuliza tena.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao ni wa mji huu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya watoto wachanga 701 wa Ifakara waliopewa vidonge vya SP, dawa ya malaria, au vidonge visivyo na dawa wakati wa chanjo za kawaida. Malaria ilipungua kwa asilimia 59, wigo 41 hadi 72. Huo ni wigo ulio mbali na sifuri. Na jaribio lilirudiwa, Msumbiji, Gabon na Ghana. Majaribio sita yalipojumlishwa mwaka 2009, kinga ilibaki kama asilimia 30. Imeshuka kwa nusu lakini imesimama, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo itumike.

Wanasaikolojia msidhani haya ni ya madaktari. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na p chini ya 0.05. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Na ukubwa wa athari ulishuka kwa wastani hadi kama nusu ya ule wa mwanzo. Fani yetu ilikuwa na Idete nyingi ambazo hakuna aliyezirudia.

Sahani nane za wali

Namna jaribio linavyofanya kazi inaonekana vizuri zaidi mezani. Fisher alitumia chai: bibi mmoja alidai anaweza kutambua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo imetangulia. Sisi tuna jambo zito zaidi. Hapa Ifakara kila mtu anadai anautambua mchele wa Kilombero kwa kuuonja, na wa Kyela hauwezi kumdanganya.

Haya, tumjaribu. Tunapika sahani nane, nne za Kilombero na nne za Kyela. Sufuria za aina moja, maji ya kisima kimoja, chumvi ile ile, bila nazi, kwa sababu nazi inaficha. Anayepika haingii chumbani. Anayepeleka sahani hajui ipi ni ipi. Mpangilio tunaupata kwa kuchota vikaratasi kwenye kofia. Mwonjaji anaambiwa zipo nne kwa nne, azitenge.

Njia za kuchagua sahani nne kati ya nane ni 70. Anayebahatisha ana njia moja tu ya kupatia zote: 1 kwa 70, sawa na 0.014. Akizipata zote, tuna sababu ya kuacha kusema anabahatisha. Akikosea moja kila upande, je? Njia za kupatia tatu ni 16. Ukijumlisha na ile ya kupatia zote, 17 kwa 70, karibu 0.24. Robo ya wabahatishaji wangefika hapo. Basi mtu aliyepatia sita kati ya nane, ambaye mtaani angebebwa juu juu, hajatuthibitishia chochote.

Wala hatujathibitisha kwamba hawezi. Hapo ndipo wanafunzi huteleza. Kushindwa kuikataa nadharia sifuri si kuithibitisha. Sahani nane ni chache. Mwonjaji mzuri asiye malaika anaweza kukosea moja. Mkitaka kumtendea haki, pikeni sahani nyingi zaidi.

Na mmeona kazi kubwa ilikuwa wapi. Hesabu ilichukua mistari miwili. Kofia, chumvi na mpelekaji asiyejua ndivyo vilivyoifanya hesabu hiyo iwe na maana.

Watoto waliobaki mjini

Tuje kwenye kazi zenu. Kila msimu wa mpunga familia nyingi za bonde hili huhamia shambani kwa wiki au miezi, zikiishi kwenye vibanda na madungu karibu na mpunga. Watoto wengine huenda; wengine hubaki na bibi ili wasikose shule. Mwanafunzi anataka kujua kama kubaki au kwenda kunahusiana na kumbukumbu ya mtoto. Anawapima kwa kuwataka warudie mfululizo wa tarakimu. Namba zifuatazo ni za mfano wa ubaoni.

Watoto 25 waliobaki wana wastani wa tarakimu 5.2, watoto 25 waliokwenda, 4.6. Mkengeuko sanifu ni 1.2 pande zote. Tofauti ni 0.6. Kosa sanifu la tofauti hiyo ni 0.34, hivyo t ni kama 1.77, na p kama 0.08. Mwanafunzi analia kwamba utafiti "umefeli". Mwenzake anapima watoto 50 kila upande na kupata wastani ule ule na mkengeuko ule ule. Kosa sanifu linashuka hadi 0.24, t inakuwa 2.5, p 0.014. Huyu anashangilia.

Wote wawili wameona tofauti ile ile. Wigo wa kwanza unatoka hasi 0.08 hadi 1.28, wa pili 0.12 hadi 1.08. Wa pili anajua kwa usahihi zaidi, si kwamba ameona jambo kubwa zaidi. Na wa kwanza angeweza kuyajua hayo kabla ya kukanyaga kijijini: ili kuinasa tofauti ya nusu mkengeuko sanifu kwa uwezekano wa asilimia 80, unahitaji watoto kama 64 kila kundi. Kwa 25, uwezekano wake haufiki hata nusu. Alishindwa siku alipoandika pendekezo.

Lakini huyo anayeshangilia naye ana shida, na hakuna p itakayomtoa. Hakuna aliyewagawa watoto hawa kwa kofia. Anayebaki mjini huenda ndiye mwenye bibi mwenye nyumba, mwenye ada na sare, na mwenye mlo wa uhakika. Anayekwenda huenda analala palipo na mbu wengi zaidi. Tofauti ya tarakimu inaweza kuwa ya umaskini, ya homa, au ya siku za shule zilizopotea. Tena, ukifanya dodoso lako Machi hapa Katindiuka, unagonga milango ya nani? Ya waliobaki. Waliokwenda utawakosa, halafu utaandika "wakazi wa Ifakara".

Jambo lingine nalisema kwa kifupi: dodoso lenye vipimo 20 na makundi mawili litakupa, hata kama hakuna kitu chochote, uwezekano wa asilimia 64 wa kupata angalau p moja chini ya 0.05, iwapo vipimo hivyo havitegemeani. Ukiiripoti hiyo moja na kuzificha 19, hujafanya utafiti, umechota vikaratasi mpaka ukakipata unachokitaka.

Nadharia isiyoshindwa

Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner walichapisha makala kuhusu watu wa hapa Ifakara na malaria. Watu waliwaeleza kwamba iko malaria ya kawaida, na iko malaria ya uongo, inayotengenezwa na wachawi ifanane na ya kweli. Mchawi anaweza pia kuvificha vimelea visionekane hospitalini. Basi kipimo kikionyesha vimelea, ni malaria. Kisipoonyesha, huenda vimefichwa. Dawa ikiponya, sawa. Isipoponya, kuna mkono wa mtu.

Hakuna jibu la maabara linaloweza kuishinda fikra hiyo, na sababu si kwamba ina nguvu. Imejipanga isiguswe.

Msiwacheke. Karl Popper aliwalaumu Freud na Adler kwa jambo hilo hilo: mtu akimtupa mtoto majini, nadharia inaeleza, akijitosa kumwokoa, nadharia ile ile inaeleza. Na sisi leo? Mteja akikubali kwamba aliumia utotoni, tumepatia. Akikataa, tunasema anakana. Nimekaa katika vikao vya tasnifu ambapo matokeo yalikuwa kinyume kabisa na nadharia tete, na mwanafunzi akaeleza kwa ufasaha mkubwa kwamba wahojiwa walificha. Inawezekana kweli walificha. Watu wa bonde hili wamehojiwa na watafiti kwa miongo mingi na wanajua vizuri jibu linalompendeza mwenye kalamu. Lakini hilo ni jambo la kulipangia kipimo kabla, si la kulikumbuka baada ya kushindwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wanafunzi, kabla dodoso halijatoka mkononi mwenu, andikeni ukurasa mmoja: nadharia sifuri, idadi ya wahojiwa na sababu ya idadi hiyo, jaribio moja kuu mtakalolitumia, na matokeo yatakayowafanya mseme "nilikosea". Utiwe tarehe na ukae kwa msimamizi. Walimu wenzangu, msisaini pendekezo lisilo na ukurasa huo. Na mwanafunzi atakayerudi na kazi safi yenye p ya 0.40, apewe alama zake kamili.