NOTI MOJA KATIKA WIMBO WA NOELI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na wageni, sikukuu ya Yubile)



Kwaya yetu itaimba leo wimbo wa Kilatini uitwao «O magnum mysterium». Wako wanaouliza: tunasali kwa lugha yetu, mbona tena Kilatini? Swali hilo ni la haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturjia ya mwaka 1963, uliziheshimu lugha na nyimbo za mataifa. Uliagiza vilevile hazina ya muziki mtakatifu itunzwe. Nasi tumewafafanulia wanakwaya kila neno, wasiimbe kama kasuku.

Maneno hayo ni kiitikio cha zamani cha sala ya usiku wa Noeli. Yanastaajabia fumbo kubwa: wanyama walimwona Bwana amelazwa horini. Kisha yanamsifu Bikira aliyestahili kumchukua tumboni mwake.

Muziki wake ulitungwa na Morten Lauridsen, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943. Aliuandika kwa ajili ya kwaya ya Los Angeles Master Chorale, nayo ikauimba mara ya kwanza mwezi wa 12, mwaka 1994. Mtunzi alieleza kwamba aliongozwa na picha ya Mhispania Zurbarán, ya mwaka 1633: malimau, machungwa, kikombe cha maji na ua la waridi, vyote juu ya meza mbele ya giza. Ni vitu vya kila siku, lakini vimewekwa kama sadaka kwa Bikira Maria.

Ndiyo sababu muziki wake ni mnyofu. Sauti zinatembea pamoja, polepole, katika ngazi ya re. Lakini kwenye neno «Virgo», alto wanapewa noti moja isiyo ya ngazi hiyo: sol iliyopandishwa nusu hatua. Haimo pengine popote katika wimbo. Inagongana na sauti nyingine, nayo inachoma sikio. Kwa noti hiyo mtunzi alitaka kuonyesha uchungu wa Maria, ambaye Mtoto wake atakuja kuuawa.

Katika mazoezi, mama zetu wa alto waliiogopa. Walidhani wamepotea, wakakimbilia noti tamu iliyo karibu. Tuliwaomba wasiikimbie. Wimbo ungebaki mzuri bila noti ile, lakini Maria angenyimwa uchungu wake.

Ndugu, siku ya Yubile tunapenda kuimba furaha tupu. Hata hivyo, katika mabenchi haya wamo mama waliozaa na wakazika. Wao pia wanakuja kwenye Noeli kila mwaka, nao wanastahili kusikia kwamba Mama wa Mungu anawafahamu.

Basi, mtakaposikia noti ile, msigeuke kuwatazama alto kama watu waliokosea. Mwombeeni mama mmoja mnayemjua.

Bwana abariki Yubile yetu.