Miti Hupandwa kwa Jembe, Hukatwa kwa Kalamu

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya kamati za mazingira za parokia, mbele ya wajumbe na wafadhili.)



Katika taarifa zinazoletwa kila robo mwaka, jambo la kwanza kuandikwa huwa ni idadi ya miche iliyopandwa. Ni jambo jema. Kazi hiyo ina jasho, na mfadhili ana haki ya kujua fedha yake imefanya nini. Lakini leo naomba tuzungumze juu ya jambo lisilohesabika kwa urahisi: ni nani anayeamua kwamba msitu ubaki au uondoke, na anaposhika kalamu anafuata nini? Nitatumia mfano wa Msitu wa Mau nchini Kenya, kwa sababu historia yake iko wazi na funzo lake linatuhusu sote.

Msitu unaonywesha nchi mbili

Mau iko katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na eneo lake lote ni kama hekta 400,000. Humo huanzia mito mingi, ikiwemo Sondu, Njoro, Mara na Ewaso Ng'iro ya Kusini. Mto Mara hupita katika mbuga ya Maasai Mara, ukaingia Tanzania kupitia Serengeti, kisha ukamwaga maji yake Ziwa Viktoria. Basi mvuvi wa Musoma na mfugaji wa Narok wanategemea msitu mmoja, ingawa mvuvi yule hana kura Narok.

Mambo haya hayakuwa siri. Hata hivyo, mwaka 2001 Serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika misitu inayolindwa, kwa maelezo kwamba watu wasio na ardhi wapate makazi. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka uliofuata. Wapo waliopata ekari chache za kuwalisha watoto. Wapo pia watu wenye vyeo waliopata mashamba makubwa.

Tupige hesabu ndogo. Ukipanda miche 1,000 katika kila hekta, hekta 60,000 zinahitaji miche milioni 60. Ni parokia ngapi zitaipanda, na kwa miaka mingapi? Tangazo lililoiondoa lilikuwa karatasi tu.

Kiongozi husoma mioyo ya wapiga kura

Ni rahisi kusema viongozi ni wabaya, tukaishia hapo. Lakini mwanasiasa hutoa ahadi anayojua itapokelewa kwa makofi. Kwa hiyo tujiulize, sisi wananchi tunaamini nini juu ya msitu?

Kwanza, wengi tunaamini kwamba msitu ni shamba ambalo halijalimwa. Kwa mtu mwenye watoto sita na robo ekari, imani hiyo si ujinga, ni njaa ya ardhi. Pili, tunaamini msitu ni mali ya Serikali, na mali ya Serikali haina mwenyewe. Imani hii ina mizizi katika ukoloni, misitu ilipotengwa kwa amri na wenyeji wakageuzwa wahalifu katika nchi yao. Tatu, tunasikia hata makanisani kwamba mvua huletwa na Mungu, hivyo kukata miti si neno. Ni kweli mvua ni ya Mungu. Lakini Kitabu cha Mwanzo chasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Hakumpa kazi ya kulima peke yake.

Imani hizi tatu zikikutana na mwaka wa uchaguzi, msitu hauna mtetezi.

Kuokoa msitu bila haki

Mwaka 2008 Serikali ya mseto iliunda kikosi kazi cha kuiokoa Mau, na taarifa yake ikapokelewa mwaka 2009. Mpango ulipangwa kwa awamu. Novemba 2009 waliotolewa ni familia zisizokuwa na hatimiliki, wakaishia kwenye mahema kando ya msitu. Wenye mashamba makubwa na hati mkononi waliwekwa katika awamu za baadaye, na awamu hizo zikakwama. Wananchi waliona utaratibu huo na wakatoa hukumu yao: kuhifadhi mazingira ni kumwonea maskini. Wanasiasa wa Bonde la Ufa waliidaka hoja hiyo, na suala la maji likageuka suala la kabila. Watu walipotolewa tena katika Mau ya Wamaasai, mwaka 2018 na 2019, mabishano yaliyozuka yalikuwa ya namna ile ile.

Walioumia zaidi ni Waogiek, wawindaji na warina asali ambao wameishi na msitu huo vizazi vingi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ilikataa pia hoja kwamba wao ndio chanzo kikuu cha uharibifu. Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 za Kenya. Lakini mwanzoni mwa Novemba 2023, nyumba za familia za Waogiek zilibomolewa huko Sasimwani, Narok. Tarehe 13 ya mwezi huo huo, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kupanda miti.

Ndugu zangu, tusikosee hapo. Sera ya mazingira isiyo na haki huzaa watu wanaouchukia msitu, na msitu uliochukiwa haulindiki hata kwa bunduki.

Imani pia hulinda

Imani za watu zinaweza kuokoa vilevile. Katika pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, misitu ya kaya za Wamijikenda ilidumu kwa sababu wazee walikataza kukata miti mahali wahenga walipozikwa. Hapakuwa na askari wa misitu. Miiko ilipolegea na bei ya viwanja ikapanda, misitu ile ikaanza kumegwa. Tangu mwaka 1992 Serikali ilianza kuitangaza kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia. Huko sheria ilikuta wazee wanaoipenda misitu yao, ikasimama nao. Mau sheria ilikuta watu wasioiamini.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, mjue sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 69, inaagiza miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi na wananchi washirikishwe. Sheria ya misitu ya 2016 inataka ombi la kubadili mipaka ya msitu wa umma lipitie Bungeni. Kila kamati iwe na mtu mmoja wa kufuatilia matangazo hayo na kuyaeleza baada ya Misa kwa lugha ya watu.

Pili, msikilizeni mwenye njaa ya ardhi kabla ya kumhubiria. Akipata mbegu bora, kuni za shamba lake na maji karibu, atakuwa mtetezi wa msitu.

Tatu, unapokaribia uchaguzi, waulizeni wagombea wote maswali yale yale: Mipaka ya msitu wetu itabaki ilipo? Anayetolewa ataenda wapi? Mwenye ekari elfu ataguswa lini? Kanisa halimpigii mtu debe, lakini muumini ana haki ya kuuliza na kuandika jibu.

Na kwenu wafadhili, ombi langu ni hili. Endeleeni kugharimia miche. Lakini gharimieni pia nauli ya mama anayekwenda kwenye kikao cha kaunti, nakala za sheria, na semina ambazo hazitoi picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda. Mche uliopandwa leo utahitaji miaka 30. Katika miaka hiyo kutakuwa na chaguzi sita, na katika kila moja kutakuwa na mtu anayeutazama msitu na kuona kura. Tuhakikishe anapouliza wananchi wanataka nini, jibu analopata limebadilika.