Shule ya Kiungani na Watoto Walioandika Habari Zao

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo waliohitimu)



Juzi tulipita katika darasa moja la jioni. Tuliwaomba wanakisomo waandike habari fupi, ukurasa mmoja tu, ili tuipeleke gazetini. Wote wakanyamaza. Kisha mama mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tuandike nini? Mambo yetu ni jembe na moshi wa jikoni. Habari za kuandikwa ni za wakubwa."

Siku ile hatukumjibu vizuri. Tulicheka naye, tukaendelea na somo. Lakini njiani tukaona kwamba lile lilikuwa swali la kweli, na linataka jibu la kweli. Basi leo tutawasimulia habari za shule moja ya zamani. Ilikuwa shule ya Kikristo, ya misheni. Msidhani tumekuja kuhubiri. Hapa tupo Waislamu na Wakristo, na wengine wanafuata dini za mababu. Tunazungumza juu ya shule na juu ya kalamu.

Shule hiyo ilikuwa Kiungani, kisiwani Unguja. Wazee wa pwani wanajua maana ya neno kiunga. Ni mahali pa nje kidogo ya mji, penye mashamba na miti ya matunda. Shule ilijengwa kama maili mbili kusini mwa mji wa Zanzibar. Siku hizi mji umekua, umepameza mahali pale. Lakini zamani zile mtu akitoka mjini kwenda Kiungani alikuwa anakwenda shamba.

Ilianzaje? Mwaka 1864 walifika Unguja Waingereza wawili, Askofu William Tozer na Daktari Edward Steere. Walikuwa wa misheni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya kwao, baada ya msafiri David Livingstone kuwaomba waje Afrika. Kwanza misheni hiyo ilijaribu kukaa bara, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Homa, njaa na vita viliwasumbua, na baadhi yao wakafa. Ndipo wakahamia Unguja.

Hawakuwa na wanafunzi. Basi Sultani Majid akawapa wavulana watano. Watoto hao walikuwa watumwa waliokamatwa ndani ya jahazi moja. Mmoja wao aliitwa Swedi. Shule ikaanza na hao watano, mjini, kisha ikahamia Kiungani. Mwaka 1869 pakawa na chuo pale, kikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Hapa ndugu zetu tutue kidogo. Nyinyi mnapompeleka mtoto shuleni, mnamfulia shati, mnamtafutia daftari, na jioni mnamwuliza amejifunza nini. Fikirini shule isiyo na mzazi hata mmoja. Hakuna mama wa kuuliza jioni. Hakuna baba wa kuja kumwona mwalimu. Kiungani ya miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo.

Watoto wale walitoka mbali. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi wa bara. Mmoja aliibwa akiwa shambani, mwingine alitekwa vitani, mwingine aliuzwa wakati wa njaa. Walitembezwa kwa miguu mpaka pwani, wakauzwa tena, wakapakiwa katika majahazi. Baharini manowari za Waingereza zilikuwa zikiyawinda majahazi hayo. Jahazi likikamatwa, watu waliokuwamo walipelekwa kwa Balozi wa Uingereza, na watoto wakagawiwa misheni. Tena watumwa wengi walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Basi mtoto aliokolewa, huku akidhani amefika kwa wala watu! Siku ya kwanza ya shule yake ilikuwa ya namna hiyo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Misheni ikajenga kanisa kubwa mahali pale pale pa soko, Mkunazini. Lipo mpaka leo. Lakini msidhani utumwa uliisha siku hiyo. Kilichokatazwa ni kuuza na kusafirisha watu. Serikali ya Zanzibar haikuifuta hali yenyewe ya utumwa mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, watoto wa Kiungani walikuwa wakisoma na kuandika, na katika mashamba ya karafuu ya kisiwa kile kile watu wengine waliendelea kuwa mali ya watu.

Wasichana nao walikuwa na shule yao huko Mbweni, mbele ya Kiungani. Misheni ilinunua shamba pale mwaka 1871, ikaweka kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Shule ya wasichana iliongozwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray. Magofu yake yanaonekana hata sasa.

Haya, turudi kwa wavulana. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Myao hakumwelewa Mmakua. Iliyowaunganisha ni Kiswahili. Walifundishwa kusoma na kuandika, hesabu, na dini. Walifanya kazi za mikono. Wengine walijifunza kupiga chapa, yaani kupanga herufi za chuma moja moja, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Mtoto aliyekuwa akiuzwa kwa vipande vya nguo, sasa anatengeneza kitabu!

Halafu likatokea jambo lililotufanya tuichague habari hii leo. Mwalimu mmoja wa misheni, Arthur Madan, aliwataka wavulana waandike maisha yao. Ulikuwa nyumbani wapi? Kwenu mlikuwa mkila nini, mkizika vipi, mkicheza nini? Ulikamatwaje? Ulipita wapi mpaka ukafika hapa? Nao wakaandika kwa Kiswahili, lugha waliyojifunza wakiwa utumwani au shuleni. Madan akazitafsiri habari hizo kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikatoka London katika kitabu kiitwacho kwa jina la shule yao, Kiungani.

Je, watoto wale walikuwa wakubwa? Hawakuwa wafalme wala majemadari. Hata ukoo wa kujivunia hawakuwa nao tena. Lakini leo wanaotaka kujua safari ya mtumwa kutoka bara mpaka pwani ilikuwaje, hukisoma kitabu hicho. Maofisa wa manowari waliandika hesabu ya majahazi waliyoyakamata. Watoto waliandika yaliyotokea ndani yake. Sisi tunasikitika kwamba kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Wenzao wa Unguja na wa bara, waliokuwa wakisoma Kiswahili, hawakukipata katika lugha ile waliyoiandika wenyewe.

Mwaka uliofuata, 1888, kikaja kitu kingine. Misheni ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni katika magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu. Wanafunzi wa Kiungani waliliandikia. Waliomaliza masomo, wakapelekwa bara kuwa walimu, nao walileta barua: nani amefika, nani amekufa, hali ya shule ikoje. Kwa hiyo nyinyi mnaoshika gazeti hili la vijijini si wa kwanza. Kabla yenu wapo walimu wa miguu waliokuwa wakiandika barua porini na kungoja miezi mingi kuona kama zimepigwa chapa.

Tusiisifu mno shule hiyo. Mtoto aliyeletwa Kiungani hakuulizwa kama anataka dini ile. Waliomwokoa ndio walioamua atasoma nini na atafanya kazi gani. Shule ilikusudiwa kutoa walimu na makasisi wa misheni, na mkubwa wake alikuwa Mzungu. Kutolewa katika mkono wa tajiri mmoja si sawa na kuwa bwana wa nafsi yako, ingawa kuna tofauti kubwa, na waliokuwa wamefungwa kamba shingoni waliijua tofauti hiyo kuliko sisi.

Lakini wengine walikwenda mbali. Yule Swedi, mmoja wa wale watano, alifanywa shemasi mwaka 1879, akijulikana kama John Swedi. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alisoma Kiungani, akapelekwa mpaka Uingereza. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, upande wa Mto Ruvuma, kufanya kazi miongoni mwa Wayao wenzake, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile. Mtoto aliyeletwa pwani kama mzigo alirudi bara akiwa mwalimu wa watu wake.

Baadaye watoto waliookolewa baharini walipungua, wakaja wavulana wenye wazazi, kutoka Bonde na kwingineko. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe, si mbali na Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini, na Minaki ikawa shule ya Serikali, ya watoto wa dini zote.

Jambo moja zaidi, la lugha. Steere na Madan walikusanya maneno ya Kiswahili cha Unguja miaka mingi, wakisaidiwa na watu wa pale. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kamusi ya Madan. Na Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Ndicho mlichokisoma katika vitabu vyenu vya kisomo.

Sasa yule mama. Tulirudi kwake tukamsimulia habari hizi. Akauliza kama watoto wale waliandika pia juu ya vyakula vya kwao. Tukamwambia ndiyo. Akafikiri, kisha akasema, "Basi mimi nitaandika ule mwaka tuliokula mizizi." Mumewe akamkatiza, "Mambo ya aibu hayo." Wakabishana pale pale mbele yetu, na darasa zima likaingia katika mabishano. Tulipoondoka alikuwa ameandika mistari minne, na mumewe alikuwa akimsahihisha jina la mto.

Karatasi zipo kwa walimu wenu. Mwenye habari aandike upande mmoja tu wa karatasi, aweke jina lake na la kijiji chake, amkabidhi mwalimu. Makosa ya herufi yasiwazuie. Mhariri atayarekebisha.