Biva Walioshushwa kwa Miavuli



Katika nchi ya Marekani liko jimbo la milima liitwalo Idaho. Katikati yake ni mwitu kabisa: milima juu ya milima, misitu ya misonobari, mabonde yenye magenge, na barabara hakuna. Habari ya leo ni ya mwaka 1948, wakati Idara ya Wanyama na Samaki ya jimbo hilo ilipotumia eropleni kupeleka wanyama huko, kazi ambayo aisikiaye mara ya kwanza hucheka.

Mnyama mwenyewe aitwa biva. Kwetu Afrika hayuko. Ni wa ukoo wa panya, ila ni mkubwa, aweza kufikia ratili 60. Mkia wake ni mpana kama kasia, na meno yake hukata mti hata ukaanguka. Kwa miti na matope huziba kijito kikawa bwawa, na humo hujenga nyumba yake. Huko milimani kazi hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa maji hayakimbii yote mara moja, udongo hauchukuliwi, na samaki na bata hupata makao. Lakini katika shamba la mtu ni msiba. Biva hapambanui mti wa msituni na mtofaa wa bustanini, na mfereji wa kunyweshea mimea kwake ni kijito kama vijito vingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walizidi kujenga kandokando ya ziwa la Payette, karibu na mji wa McCall, na malalamiko yakazidi pamoja nao. Mkulima ana haki ya kulinda mali yake. Na mabonde ya mbali yalikuwa na haja ya biva. Shauri likawa kuwahamisha.

Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Biva hawezi jua kali asipokuwa majini. Alichukuliwa kwa motokaa mpaka mwisho wa barabara, kisha akafungwa juu ya farasi au nyumbu wa mizigo, safari ya siku nyingi. Wengine walikataa kula, wakafa njiani. Nao farasi, wakisikia harufu na kukurukakara mgongoni, waliruka na kupiga mateke. Mwenye punda hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi Bwana Elmo Heter, mtumishi wa Idara hiyo, alifikiri habari ya miavuli ya kushukia iliyobaki baada ya vita. Kwanza walidhani watasuka sanduku la matawi ili mnyama alitafune mwenyewe na kutoka. Wakaogopa: je, akimaliza kulitafuna angali angani? Wakatengeneza sanduku la mbao lenye pande mbili, mfano wa sanduku la nguo. Kamba za mwavuli zikikazwa na uzito, limefungika. Likigusa chini kamba hulegea, nalo hufunguka lenyewe.

Walijaribu kwanza kwa vitu vizito visivyo na uhai. Ndipo akachaguliwa biva dume mzee, wakamwita Geronimo, wakamtupa juu ya uwanja mara nyingi. Kila alipotoka sandukuni watu walimkamata na kumrudisha. Mwisho alichoka kushindana. Alipowaona wanakuja, aliingia sandukuni mwenyewe.

Rubani alikuwa na kazi ya hatari. Ilimpasa kuteremka kati ya milima, kutafuta uwanda mdogo wa majani kando ya kijito, na kupita juu yake kwa urefu wa futi 500 hadi 800 tu. Akiwa chini zaidi, mwavuli hauwahi kufunguka vema. Akiwa juu zaidi, upepo hulipeleka sanduku msituni. Mwaka huo walishushwa biva 76. Aliyekufa ni mmoja tu: kamba ilikatika, naye akajipenyeza akapanda juu ya sanduku. Angalitulia hapo angalifika salama, lakini zilipobaki futi 75 aliruka au alianguka.

Mwaka 1949 watu wa Idara walikwenda kuwatazama. Wakakuta kuta zimejengwa, nyumba zimejengwa, na chakula kimewekwa akiba. Siku hizi Idaho haiwashushi tena biva kwa miavuli, wala uwanda wa Chamberlain, waliposhushwa baadhi yao, haukupoteza upweke wake. Tangu mwaka 1980 umo katika nchi iliyohifadhiwa kwa sheria.

Na Geronimo? Hakusahauliwa. Kwa ajili ya taabu zake alipewa nafasi katika safari ya kwanza ya kwenda milimani, pamoja na majike vijana watatu. Sanduku lilipofunguka, majike walitoka wakaanza kukagua makao mapya. Yeye alibaki ndani kitambo kirefu, labda akingoja watu waje kumkamata.