Kiswahili ndani ya tuisheni ya Kiingereza: hoja kutoka Tabora

Makala hii inadai kwamba mwalimu wa tuisheni anayemwandaa mtahiniwa wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hapa Tabora atumie Kiswahili kufundishia, tena bila kuona haya. Kiswahili si kigeni hapa: misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikutana Unyanyembe, eneo hili la Tabora, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wapagazi, wafanyabiashara na wenyeji. Reli ilipofika mwaka 1912 iliikuta lugha hiyo imeshakaa. Kiingereza kilikuja na Waingereza kupitia shule, kama ile ya wavulana alikosoma Julius Nyerere, na kwa wengi wetu hakijatoka darasani mpaka leo.

Hata humo darasani kinayumba. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akifika kidato cha kwanza masomo hugeuka Kiingereza. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo hayo. Asiyeelewa hukariri notsi. Lakini insha ya pili ya IELTS inataka maneno yasiyopungua 250, yenye msimamo na sababu, juu ya swali ambalo mtahiniwa hakuliona kabla. Jibu la kukariri humpunguzia alama. Wengi hukwama kabla hata ya kufikia sarufi, kwa kuwa hawajajua wanataka kusema nini. Mwenye shida hiyo aijadili kwanza hoja yake kwa Kiswahili, abishiwe, apange aya, ndipo aandike.

Wapo watakaosema kwamba mazoea ya kutafsiri yatamchelewesha katika usaili wa kuzungumza wa dakika 11 hadi 14. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana mazoezi ya kuzungumza yabaki Kiingereza kitupu. Ila wanaotaka kila kitu kiwe hivyo wanamfikiria mwanafunzi wa London, ambaye akitoka darasani anakikuta Kiingereza dukani. Wa Tabora ana saa chache tu na mwalimu wake. Akizimaliza akiitikia asichokielewa, ada imepotea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu dhaifu atajificha nyuma ya Kiswahili. Atajificha, kama anavyojificha sasa nyuma ya mitihani ya miaka iliyopita: anasahihisha, anatoa alama, haelezi kosa limetoka wapi. Dawa yake ni kudai kazi inayoonekana. Kila kipindi mtahiniwa aondoke na ukurasa alioandika mwenyewe kwa Kiingereza, makosa yameelezwa kwa lugha anayoielewa, naye ameuandika upya. Asijiandikishe kwa mtihani mpaka aweze kumaliza insha ya maneno 250 ndani ya dakika 40 bila msaada, na mwalimu awe tayari kumwambia mzazi kwamba wakati wa mtihani bado haujafika.